Fliji Haigandishi

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kusahihisha herufi moja. Watoto waliandika balua, waliandika mkulugenzi, waliandika karamu walipotaka kalamu, na mimi nikazungushia duara jekundu mpaka kidole kikaota sugu. Halafu jioni nilirudi nyumbani kwa mume anayesema fliji.

Ni fundi wa mafriji. Mtaani wanamwita Fundi Baridi, na mimi wananiita Mwalimu, hata yeye mwenyewe. Tulijuana siku aliyokuja nyumbani kwetu kutengeneza friji ya baba yangu. "Ni friji, Fundi," nilimwambia, mimi na ushupavu wangu wa mwaka wa kwanza kazini. "Ndiyo, Mwalimu," akajibu, kichwa kikiwa bado nyuma ya mashine, "fliji." Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania, na nikaolewa naye hivyohivyo.

Mwaka juzi, akiteremsha friza kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mgongo ulimgomea. Daktari alimwambia asinyanyue tena kitu kizito kuliko birika la chai. Karakana yake ya chumba kimoja ikafungwa, sanduku la vifaa likahamia chini ya kitanda chetu, na mwenyewe akahamia kwenye kiti cha mbao kando ya mlango wa jikoni. Kukaa kwake hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni ukimya. Huyu ni mtu ambaye zamani nilimwomba anyamaze tusikilize taarifa ya habari, maana akirudi kazini lazima akusimulie friji gani imeuliwa na vumbi na ipi imeuliwa na mwenyewe. Sasa alikuwa anaisikiliza friji yetu ikiwaka na kuzima, basi.

"Miaka thelathini na minane, Mwalimu," aliniambia siku moja, akijigonga paji la uso. "Yote imo humu. Na hakuna anayeihitaji."

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikachukua simu palepale nikampigia binti wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuandika kwenye tovuti ya duka moja la simu. Akaja Jumamosi, akanifungulia tovuti yangu mwenyewe, akanionyesha pa kuandikia na pa kubonyeza, kisha akaondoka mbio hata chai hakuimaliza. Mengine nilimwambia ninayajua. Mtu aliyefundisha insha miaka yote hiyo afundishwe kuandika makala?

Kila baada ya chakula cha mchana nilikaa na daftari mbele ya mume wangu. Nauliza, anajibu, naandika. Halafu namwacha na kiti chake, mimi naenda mezani kuyasafisha aliyoyasema. Makala ya kwanza niliiita "Jokofu Lipotezapo Ubaridi." Ya pili, kuhusu friji zinazovuja, "Machozi ya Jokofu." Nilijisikia kweli. Niliita friji jokofu kila mahali kwa sababu jokofu ndilo neno, na kama kuna mtu halijui, ilikuwa nafasi yake ya kulijua.

Miezi mitatu, makala kumi na nne. Tovuti ina sehemu inayohesabu wasomaji, nayo ilihesabu kumi na mmoja. Tisa walikuwa ndugu. Wa kumi ni mwalimu mkuu wangu wa zamani, aliyenitumia ujumbe wa kusifu matumizi ya koma. Wa kumi na moja nadhani nilikuwa mimi kwa simu ya pili.

"Wangapi leo?" mume wangu aliuliza kila asubuhi.

"Wanaongezeka."

"Kutoka wangapi kufika wangapi?"

Fundi ni mtu wa vipimo, humpigi chenga. Nikamwambia ukweli. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu la hospitali alilolijua. "Basi, Mwalimu. Tusijichoshe." Kesho yake baada ya chakula nilifungua daftari, nikauliza kuhusu mpira wa mlango, yeye akageukia dirisha. Nilifunga daftari, na nasema wazi, niliogopa. Siku ya ngazi niliogopa atakufa. Siku hii niliogopa ataishi hivi.

Wiki mbili zilipita hivyo, na Jumapili nilimwita tena binti wa kaka. Safari hii nilimwekea chai mapema na nikafunga mlango.

Alisoma makala zangu kwenye ile kompyuta mpakato yake, ambayo yeye huiita laptopu na mimi nimeshachoka kumsahihisha. Alisoma muda mrefu. Alipofika kwenye "Machozi ya Jokofu" akafunika mdomo.

"Cheka tu," nikasema. "Nimeshachekwa na madarasa mazima."

"Sicheki, Shangazi. Zimeandikwa vizuri mno. Ila hebu niambie, friji yako ikigoma sasa hivi, nyama imo ndani, ungeandika nini kwenye simu kutafuta msaada?"

"Ningeandika: sababu za jokofu kushindwa kugandisha."

"Wewe. Na wengine?"

Nikamwambia wengine waandike vizuri.

Hakubishana. Alinisogezea ile mashine kwenye ukurasa wa kutafutia, akaniambia niandike neno moja tu, nisibonyeze, nitazame. Nikaandika jokofu. Chini yake yakashuka maneno yenyewe, yale ambayo watu huuliza zaidi. La kwanza lilikuwa: jokofu ni nini. La pili: jokofu maana yake. Watu walilitafuta neno langu ili wajue ni mdudu gani.

"Sasa andika friji."

Nikaandika friji, na ukurasa ukajaa. Friji haigandishi lakini taa inawaka. Friji inavuja maji ndani. Friji inapiga kelele. Friji imejaa barafu nifanyeje. Niliisoma ile orodha mpaka chini. Haya yote mume wangu anayajibu huku akitafuna.

"Hawa wako jikoni, Shangazi," binti wa kaka akasema. "Maji yameshafika miguuni. Hawana muda wa kukumbuka ulichowafundisha darasa la sita. Wanaandika wanavyosema, na mashine inawapelekea ukurasa unaosema kama wao. Wewe umewafungulia duka zuri, kibao umekitundika kwa ndani."

"Endelea," nikasema, maana neno hilo lilinichoma kidogo.

Akafuta herufi moja, akaandika nyingine mahali pake. Chini yakashuka: fliji haigandishi. Fliji haigandi chini. Fliji inatoa halufu.

Mkono wangu wa kulia ulijinyanyua wenyewe kutafuta kalamu nyekundu. Nikaukalia.

Ili nione makala za wenzetu zinavyofanya, akafungua iliyokuwa juu kabisa kwa wanaouliza friji imejaa barafu, akaanza kuisoma kwa sauti. "Hatua ya kwanza, zima friji. Hatua ya pili, chukua kisu chenye ncha kali, bandua barafu taratibu..."

Kiti cha mbao kililia sakafuni.

"Chukua nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Kisu, Mjomba," binti akasema.

"Kisu kwenye fliji?" Alikuja kwa mwendo wake wa kuhesabu, akashika mgongo wa kiti changu. "Nani huyu? Anajua nyuma ya ile balafu kuna nini? Kuna bomba jembamba la gesi! Unatoboa mara moja, psss, fliji imekufa, hakuna fundi wa kuifufua. Nimezizika ngapi mimi kwa sababu ya kisu? Na huyu ndiye wa kwanza? Watu wangapi wamesoma huu upuuzi?"

"Wengi sana," binti wa kaka akasema kwa upole.

Akapumua kwa pua. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa wiki mbili: "Mwalimu, andika."

Ningependa kusema kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hapana, nilitia chumvi. Nilipopewa siri kwamba watu wanatafuta friji, nikaandika makala mpya ya barafu nikaitia friji kila mahali. Friji yako ni friji nzuri na kama friji hiyo ni friji iliyojaa barafu. Jumatano binti wa kaka akapiga simu kutoka kazini.

"Shangazi, hii ni makala au ni kasuku? Nimehesabu friji arobaini na moja."

"Si umesema waone neno lao?"

"Waone, siyo wapigwe nalo kichwani. Hata mashine inajua mtu anayebembeleza." Akanieleza kwa dakika kumi, mlango wa ofisi yao ukifunguka na kufungwa nyuma yake. Neno lao liwe kwenye kichwa cha makala, liwe tena mwanzoni, kisha niandike kibinadamu. Jibu lije mapema, siyo baada ya aya tatu za historia ya baridi. Ile mistari miwili inayoonekana chini ya kichwa mtu anapotafuta niiandike mwenyewe, imwambie atapata nini ndani. Picha zisiitwe namba, ziitwe kilichomo. Na makala moja impeleke msomaji kwenye nyingine, kwa sababu aliyekuja na barafu huenda tatizo lake ni mpira wa mlango.

Niliyaandika yote kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, nikayapigia mstari kama mwanafunzi. Kisha nikaamua kuzirudia makala zote kumi na nne, moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye maelezo ya mwanzo aliyonipa Fundi mwenyewe.

Hapo ndipo aibu iliponikuta. Kwenye daftari, kwa mwandiko wangu wa haraka, mume wangu alikuwa amesema hivi: "Fliji ikijaa balafu usiiguse. Zima, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani, nenda kafanye kazi nyingine. Balafu itaanguka yenyewe, haina haja ya kugombana na mtu." Na kwenye tovuti mimi nilikuwa nimeandika: "Iwapo jokofu litakumbwa na mrundikano wa barafu, mhusika anashauriwa kusitisha matumizi ya umeme na kuruhusu myeyuko wa asili."

Mhusika! Nilisoma sentensi hizo mbili mpaka nikaona haya mbele ya meza. Yake ilikuwa na mtu ndani. Yangu haikuwa na mtu. Nilikuwa nimechukua maneno ya fundi mwenye miaka thelathini na minane ya kazi nikayafua mpaka rangi ikatoka, halafu nikashangaa hakuna anayeyanunua. Na jina lake la Fundi Baridi halikuwepo popote. Kote nilikuwa nimeandika "wataalamu."

Wiki tano nilifanya kazi hiyo, kila asubuhi mpaka adhuhuri. "Machozi ya Jokofu" ikawa "Friji inavuja maji ndani: angalia tundu hili kwanza." Iliniuma kuifuta, siwadanganyi, kile kichwa nilikipenda. "Jokofu Lipotezapo Ubaridi" ikawa "Friji haigandishi lakini taa inawaka: mambo manne ya kukagua kabla hujaita fundi." Picha nilipiga mwenyewe jikoni, mume wangu akiingiza karatasi kwenye mlango wa friji yetu na kuivuta, kuonyesha kwamba ikitoka bila kukaza basi mpira umechoka. Alinisimamia nikapiga mara sita. "Kidole kinaziba mpira, Mwalimu. Piga tena." Alikuwa ananisumbua, na nilifurahi kusumbuliwa.

Ikabaki ile herufi. Binti wa kaka alisema mara nyingi mashine inatambua mtu amekosea, lakini kwa lugha yetu haijakomaa, wakati mwingine inampoteza. Wote wale walioandika fliji wangeangukia kwenye kisu. Nilikaa mbele ya makala ya barafu asubuhi nzima. Kichwani mwa makala sikuweza, mkono ulikataa, kikabaki "Friji imejaa barafu? Weka kisu chini." Lakini mstari wa kwanza niliuandika hivi: "Nyumbani kwetu Fundi Baridi anasema fliji, na yeye amezitengeneza miaka thelathini na minane, kwa hiyo msikilize: fliji ikijaa barafu, usiiguse na kitu chenye ncha."

Niliandika fliji. Kwa mkono wangu, bila duara. Dunia haikuanguka.

Wasomaji walianza kuja polepole. Wanne. Tisa. Siku moja ishirini na sita, na kati yao hakuna niliyemjua hata mmoja, nikazunguka meza peke yangu kama niliyeshinda mbio. Mwezi wa pili walivuka mia mbili kwa siku. Mume wangu aliacha kuuliza wangapi, akaanza kuuliza wameingia kwa mlango gani: leo wengi ni wa barafu au wa kelele? Wakiwa wa kelele zaidi, alifikiri kidogo, halafu akasema kuna jambo la miguu ya friji kutokuwa sawa sakafuni hatujaliandika.

Alhamisi moja binti wa kaka alipiga simu anapiga kelele. "Shangazi, tafuta friji imejaa barafu! Lakini usitumie simu yako, inakujua, itakupendelea. Tumia ya mtu mwingine."

Mume wangu alikuwa ameshachukua fimbo yake. Kinyozi yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu, na safari ile, tangu agomewe na mgongo, hakuwahi kuimaliza bila kupumzika. Siku hiyo hakupumzika. Tulimkuta kinyozi na mteja aliyenyolewa upande mmoja, na wengine wawili wanasubiri kwenye benchi.

"Toa simu," mume wangu akamwambia. "Fliji yako imejaa balafu. Uliza."

"Sina friji, Fundi."

"Jifanye unayo!"

Kinyozi akafuta nywele kidoleni, akaandika. Nilichungulia begani kwake. Aliandika fliji, kwa L, imejaa balafu, kwa L tena. Nikafumba macho, nikafumbua.

Tulikuwa juu. Juu kabisa, na chini ya kichwa ile mistari miwili niliyoiandika mwenyewe. Kisu kilikuwa cha pili.

Kinyozi akasoma kwa sauti, mashine ya kunyolea ikiunguruma bure mkononi: "Nyumbani kwetu Fundi Baridi anasema fliji... Fundi! Hawa si ninyi?" Benchi lote likasimama. Mteja wa nusu kichwa akaomba aone, akaulizia ya kwake inayopiga kelele, na mume wangu akamwuliza ni kelele ya kugonga au ya kuvuma, akaegemea kioo, akaanza. Nilisimama mlangoni nikamtazama mume wangu anavyofundisha. Nilijivuna, nami si mtu wa kujivuna kwa watu wengine.

Tulipokuwa tunarudi, alisema jambo moja tu. "Huyo wa kisu yuko chini yetu. Hawezi kusogezwa chini zaidi?"

"Tutamsogeza," nikasema.

Wiki iliyofuata, chini ya makala ya barafu, mtu asiyejulikana aliacha maneno. Niliyasoma nikiwa nimesimama, halafu nikayapeleka jikoni. Mume wangu akavaa miwani. Kulikuwa kumeandikwa: "Mimi ni mama wa watoto watatu. Kisu nilikuwa nimeshakishika mkononi, simu mkono wa pili. Nimekirudisha kwenye droo. Nimeweka maji ya moto kama Fundi alivyosema na sasa barafu inaanguka yenyewe. Mungu ambariki huyo Fundi. Je, nikiwasha tena nisubiri muda gani?"

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Alivua miwani, akaifuta na fulana, akaivaa. Nilidhani ataniambia niandike, nikavuta kiti. Badala yake akanyoosha mikono.

"Nipe mimi hiyo mashine."

Aliandika kwa kidole kimoja, zaidi ya nusu saa. Mimi nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Friji yetu ikawaka, ikazima, hakuigeukia. Mwisho akaniita.

"Sijaituma. Njoo usahihishe, Mwalimu."

Nikainama begani kwake. Kulikuwa kumeandikwa: "Mama pole sana na asante kwa kuweka kisu chini. Subili fliji ikauke kwanza futa maji yote na kitambaa kikavu. Ndio uwashe. Usiweke nyama mpaka usikie balidi kwa mkono. Ikikusumbua niulize mimi nipo. Fundi Balidi."

Nilisoma kwa utaratibu, herufi kwa herufi, kama nilivyosoma maelfu ya madaftari. Alikuwa ananitazama usoni, anasubiri, kidole bado kimenyooka.

"Haina kosa," nikasema, nikabonyeza tuma.

"Hata pale kwenye balidi?"

"Hata pale."